Matairi ya Mzigua

Tanga ya utotoni mwangu ilikwenda kwa baiskeli. Mji ni tambarare. Kutoka bandarini hadi Mabawa hakuna mlima wa kumtoa mtu jasho, kwa hiyo karani, mvuvi, mwalimu na mchuuzi wa madafu wote walikuwa juu ya magurudumu mawili. Saa moja asubuhi, ukisimama Barabara ya 13 pale Ngamiani, ulizisikia kengele kabla hujawaona watu: za Raleigh kuukuu zilizorithiwa kwa wajomba, za Phoenix nyeusi kutoka China, na za Swala zilizounganishwa Dar es Salaam. Baba alikuwa fundi wa baiskeli hizo. Karakana yake ilikuwa kivuli cha mwarobaini, benchi la mninga, beseni la maji la kutafutia pancha, na sanduku la bati la vipuri ambalo sisi watoto tulikatazwa hata kuliegemea.

Kwenye benchi lile, upande wa kushoto, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mteja akiikalia, baba alimwomba kwa upole asogee. Mwenyewe alikuwa bandarini akipakua matishari, na zamu ikiisha tungemwona akikunja kona huku akipiga kengele mfululizo kama mtu anayekimbiza moto. Tulimwita Mtani. Mama alimwita Mtani, muuza kahawa alimwita Mtani, na nilikuwa nimeshaanza shule nilipong'amua kwamba lazima ana jina alilopewa na wazazi wake.

Yeye alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, baba alikuwa Mzigua wa Sindeni. Aliyekulia huku hahitaji kuelezwa zaidi, lakini vijana siku hizi wanadhani utani ni Simba na Yanga. Wazee husimulia kuwa ulianza enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakiteremsha pembe za ndovu mpaka Pangani na Saadani na kuikatiza nchi ya Uzigua. Wapitaji na wenyeji waligombana mpaka wakachoka, wakapatana. Mapatano yenyewe yakawa haki ya kutukanana bila kukasirika, kuchukuliana vitu bila kuomba, na, hili ndilo zito, kuzikana. Msibani mtani ndiye mwenye kazi. Anachimba, anateka maji, anapasua kuni, anawachekesha wafiwa wakati hawataki kucheka, kisha anadai ujira wake bila haya.

Lakini utani ni wa kabila zima, mtu huzaliwa nao kama anavyozaliwa na masikio. Tanga ilijaa Wanyamwezi; mkonge uliwaleta kwa maelfu. Si wote waliokuwa na nafasi kwenye benchi la baba. Nimekaa sana nikijiuliza kilichowaunganisha wale wawili kilikuwa nini, maana utani uliwafungulia mlango tu, na milango hufunguliwa mingi ambayo watu hawaingii.

Mtani alifika mwaka 1956, kwa treni kisha kwa lori, akiwa mmoja wa manamba walioandikwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyokuwa ikitafuta vibarua bara tangu 1944. Alikata mkonge kwenye shamba moja upande wa Muheza. Habari za kipande alitusimulia mara nyingi: kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo hukutimiza idadi yako ya mizigo haikutiwa alama, kwa hiyo mwezi wa manamba ungeweza kuwa na siku arobaini. Ncha za majani zilimwachia makovu madogo meupe kuanzia vidole hadi kwenye viwiko. Mkataba ulipokwisha akafanya kama wenzake, akanunua baiskeli ya kurudi nayo kwao ili kijiji kizima kijue kwamba hakupotea bure. Raleigh mpya, bado vipande vipande ndani ya boksi. Akaipeleka kwa fundi aunganishiwe.

Baba aliposikia lafudhi yake aliweka spana chini. "Mnyamwezi, nani kakupa ruhusa ya kupita nchi yangu?" Yule mgeni akajibu kwamba haombi ruhusa kwa mtumwa ambaye babu yake alimnunua kwa upande mmoja wa kaniki. Kazi ya saa mbili ikachukua kutwa. Wenzake waliondoka, yeye akabaki. Kila alipoulizwa kwa nini hakurudi Urambo alisema hawezi kukimbia deni, bado anadaiwa ufundi wa ile baiskeli. Mama alikuwa na maelezo mengine, yenye binti wa Kibondei aliyeuza vitumbua karibu na stesheni na ambaye baadaye tulimwita mama mdogo. Sioni sababu ya kuchagua kati ya maelezo hayo mawili.

Deni la ufundi lilikuwa la kweli. Baba aliandika wadeni wake kwa chaki kwa ndani ya mlango wa chumba alichokuwa akifungia vifaa, na waliolipa aliwafuta kwa kiganja. Juu kabisa paliandikwa "Mny. ufundi, Sh 5". Mlango ulipopakwa rangi, jambo lililotokea kila rangi ilipopatikana, aliliandika upya kabla ya madeni mengine yote. Mtani angeweza kulilipa siku yoyote. Alikuwa na mshahara wa bandari wakati baba anategemea pancha za wavuja jasho. Hakulilipa, na baba hakulidai ila kwa kelele, mbele za watu, ili kila mtu asikie kuwa Wanyamwezi ni matapeli. Nilipokuwa mtoto niliona ni mchezo wa wazee. Sasa naamini walijua wanachokifanya. Watu wakilipana mpaka senti ya mwisho, kila mmoja yuko huru kwenda zake.

Mambo ya moyoni hawakuambiana, angalau sikuwahi kuwasikia. Siku hizi nasoma kwenye magazeti kwamba rafiki wa kweli ni yule unayemweleza siri zako zote. Kwa kipimo hicho wale wawili walikuwa watu wanaofahamiana tu. Mtani alifiwa na mtoto mchanga mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la pili, na nakumbuka baba alivyolipokea jambo hilo: alikwenda Makorora kwa Mtani, akakuta baiskeli yake imeegemezwa ukutani, akaipindua magurudumu juu, akafungua ekseli, akasafisha gololi zote moja moja kwa mafuta ya taa, akazipaka grisi, akafunga. Ilichukua mchana mzima. Mtani alikaa kwenye kigoda akiangalia. Hapakusemwa neno isipokuwa jioni, baba akinawa mikono, alimwambia kwamba alikuwa akiendesha mchanga, si baiskeli.

Mtani alikuwa Mkristo wa Moraviani, kama watu wengi wa kwao, na Tanga ile haikuwa na Wamoraviani wa kumjazia kanisa, akawa anasali kwa Waanglikana huku akilalamika kuhusu nyimbo zao. Sisi ni Waislamu. Kila Krismasi alinunua mbuzi, na kila Krismasi baba alikwenda kumchinja, ili nyama ile iwe ya nyumba zote mbili. Alimchinja, akachukua kichwa bila kuomba, akaondoka nacho kwenye keria. Kichwa kilikuwa haki ya mtani.

Kuzikana waliahidiana mara nyingi, tena kwa mzaha. Lakini mara moja Mtani alilichukulia kama hesabu. Nilikuwa nakwangua mpira kwa msasa, nikisubiri solusheni ikauke. "Mzigua," akasema, "hebu fikiri. Tumesema tutazikana. Mmoja akitangulia, mwenzake atamzika, sawa. Sasa huyo wa pili atazikwa na nani? Haya mapatano yana mtu anayepunjwa." Baba akamjibu kwamba anayepunjwa ni Mnyamwezi, kama kawaida. Kisha akanyoosha spana kunielekea mimi, bila kuniangalia, akaendelea kukaza nati.

Basi nije kwenye matairi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa. Tanga iko karibu na Mombasa kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo ilikuwa kama kufungiwa jikoni kwako mwenyewe. Ikaja vita ya Kagera mwishoni mwa 1978, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikakauka. Nani wa umri wangu asiyekumbuka foleni? Tulipanga mawe na vikapu alfajiri mbele ya duka la ushirika, kila jiwe na mwenyewe. Tulikula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada kutoka Marekani, tukafua kwa majani ya mpapai. Tairi la baiskeli likawa kitu cha kupatikana kwa mgao na kibali. Mtu aliyetoka na tairi jipya kiwiliwilini kama mshipi, watu walimsimamisha njiani kumuuliza kalipatia wapi.

Baba aliyapata matairi Horohoro, mpakani na Kenya. Kulikuwa na vijana waliovuka usiku kwa njia za porini wakiwa na mizigo kichwani: sabuni, vitenge, dawa za meno, betri. Mwanzoni mwa 1983 walimletea matairi 24 ya saizi ya 28. Aliuza pete ya mama na mbuzi wawili wa Sindeni kuyalipa. Hakuthubutu kuyaweka kwenye karakana wala nyumbani, maana sisi nyumba yetu ilikuwa jirani na balozi wa nyumba kumi. Akayapeleka Makorora usiku, Mtani akiwa zamu, akamkabidhi mama mdogo. Yeye aliyasukuma uvunguni mwa kitanda, akashusha shuka mpaka sakafuni.

Mwisho wa mwezi Machi ikaanza operesheni ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Waliokuwepo wanajua usiku wa siku zile ulivyokuwa. Watu walitupa mali zao wenyewe. Asubuhi ulikuta marobota ya khanga mtaroni, katoni za sabuni jalalani, na vyuma vya redio kwenye kingo za bahari. Sheria mpya ikapitishwa, mahakama maalumu ikaundwa, na kila siku tulisikia jina la mfanyabiashara fulani aliyechukuliwa. Wengi tulishangilia; foleni ilikuwa imetuchosha na tulitaka mtu wa kumlaumu. Sikujua kwamba nami nilikuwa mtoto wa mhujumu.

Mtani aligundua matairi katikati ya zogo hilo, alipoinama kutafuta kandambili. Mama mdogo akamweleza. Hakuja kumuuliza baba. Usiku uleule alikodi mkokoteni, akayafunika kwa mabua, akayasukuma mpaka kwenye mikoko, akayatumbukiza yote kwenye tope maji yakiwa yanajaa. Asubuhi akapita kwa baba kabla ya zamu na kumwambia.

Sijawahi kumwona baba akinyamaza namna ile. Halafu akasema, "Ulikuwa mtaji wangu wote." Mtani akasema, "Walikuwa watoto wangu wote." Akapanda baiskeli yake.

Nilipokuwa kijana nilimpa haki baba, kwa sababu nilijua pete ya mama ilikuwa ya namna gani. Nilipopata watoto nikahamia upande wa Mtani. Siku hizi sihukumu, ila najua kwamba wote wawili walifanya kile ambacho rafiki pekee ndiye anayeweza kukufanyia: mmoja aliuweka ubaya wake chini ya kitanda cha mwenzake bila kumwomba, mwingine aliufuta utajiri wa mwenzake bila kumuuliza. Mtu baki usingemzoea kiasi hicho.

Wakanuniana. Nafasi ya kushoto ya benchi ikakaa tupu, kisha baba akaanza kuwaachia wateja waikalie, na mimi niliona hilo ni baya kuliko maneno. Mtani aliendelea kupita Barabara ya 13 kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya maana ya kwenda bandarini, lakini hakugusa kengele. Wake zao waliendelea kama kawaida. Bakuli la maharage ya nazi lilikwenda Makorora, likarudi na mihogo. Sisi watoto tukawa matarishi. Pigo la kweli lilikuja pale baba aliposikia kuwa Mtani alipata pancha akaenda kuziba kwa fundi wa Barabara ya 8. Usiku huo hakula.

Bibi alifariki mwezi wa Juni, mvua za masika zikiwa zimekatika. Dereva wa lori la mkonge ndiye aliyetuletea habari magharibi. Baba alipata nafasi juu ya mzigo wa magunia mpaka Korogwe, nami nyuma yake, na kutoka Korogwe tukabahatika na trekta ya kijiji. Tulifika Sindeni alfajiri. Hakumpelekea Mtani habari. Nilimsikia mama akimuuliza, naye akasema Mnyamwezi ana shughuli zake.

Saa tatu hivi asubuhi, vijana wakiwa wamefika kiunoni kwenye kaburi, tulisikia kengele.

Alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi. Baiskeli yake alikuwa ameipakia kwenye lori jingine hadi Korogwe, kisha akaendesha usiku, na barabara ya Handeni baada ya masika wakati ule ilikuwa mfereji tu. Hakumsalimia baba. Aliegemeza baiskeli kwenye mwembe, akavua shati, akamnyang'anya kijana mmoja jembe na kumuuliza kama Wazigua wanachimba kaburi au wanapalilia mahindi. Watu wakacheka kabla hawajakumbuka kwamba wapo msibani. Akachimba. Udongo wa Sindeni ni mwekundu, ukilowa hung'ang'ania jembe. Kila baada ya mapigo machache alilikwangua kwa kipande cha kifuu. Alichimba mpaka akaukamilisha mwanandani kwa mikono yake, Mkristo yule, akiusawazisha kwa kiganja na kupima urefu kwa kujinyoosha. Kisha akajilaza humo na hakutoka.

Jeneza lilikuwa linakaribia, tulisikia watu wakileta shahada. Mwalimu wa msikiti akamwambia atoke. Mtani akasema kaburi limemkaa vizuri, wamtafutie bibi jingine. Mwalimu akasema mambo haya si ya dini. "Ni kweli," akajibu kutoka chini, "ni ya madeni. Namdai mwana wa marehemu."

Wazee wa Sindeni wanaujua utani. Mmoja akatoa sarafu, akaitupia kifuani mwake. Mtani akaiacha hapo. "Sidai hela. Nataka Mzigua aseme mbele ya ndugu zake, yale matairi yalikuwa ya nani."

Pale Sindeni hakuna aliyejua habari za matairi ila sisi. Baba alikuwa amesimama ukingoni, kanzu imelowa magotini.

"Yangu," akasema.

"Yalilala uvunguni mwa nani?"

"Mwako."

"Uliniomba?"

Jeneza lilikuwa limeshafika, waliolibeba wakalishikilia mabegani wakisubiri. Baba alichelewa kujibu mpaka mwalimu akakohoa.

"Sikukuomba."

"Haya," akasema Mtani, bado amelala. "Na mimi niliyatupa sikukuuliza. Matairi 24. Sina pesa hizo na sitakuwa nazo. Rudi Tanga uyaandike mlangoni." Akanyoosha mkono. Baba akamvuta juu. Halafu Mtani akainama tena kuokota ile sarafu kwenye udongo, akamwomba mwalimu naye aongeze yake kwa sababu amemchelewesha, na mwalimu, kwa aibu au kwa busara, akatoa.

Maneno ya kusameheana sikuyasikia, siku ile wala baadaye. Wakati wa mazishi yenyewe Mtani alisimama kando, kofia mkononi, hadi dua ilipokwisha, kisha akarudi kufukia. Alikaa siku zote za msiba akipasua kuni na kumwita baba majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mlangoni, chini ya "Mny. ufundi, Sh 5", paliongezwa "Mny. matairi 24". Mwezi Novemba mwaka uleule mpaka wa Kenya ukafunguliwa tena, na polepole matairi yakaanza kuonekana. Deni likabaki lilivyo.

Jambo ninalolifikiria zaidi katika kisa kile ni kwamba alipopanda lori lile Mtani alikuwa bado amekasirika. Najua kwa sababu mama mdogo alituambia miaka mingi baadaye: alitoka nyumbani akimlaani baba mpaka kwenye kona. Hakwenda Sindeni kwa kuwa moyo wake ulikuwa umelainika. Alikwenda kwa kuwa bibi wa Kizigua alikuwa amekufa na kazi ni yake. Urafiki ambao unasubiri kwanza mtu ajisikie vizuri, nimeuona mwingi tangu hapo, kwenye makundi ya simu ambamo pole hutumwa kwa picha ya mshumaa na mchango hutumwa kwa simu hiyohiyo. Siudharau, umeniokoa nami. Lakini mtu aliyeteremka kwenye shimo la matope bado akiwa na hasira nawe, huyo ni wa daraja lingine.

Baba alifariki mwaka 1991, hapo hapo Tanga. Mtani alikuwa ameshastaafu, goti moja halikunjiki. Alichimba kwa zamu na kaka zangu, akatukana vya kutosha, mpaka mama aliyekuwa ndani na wanawake akasikika akicheka, na shangazi mmoja akakasirika sana kwa ajili ya cheko lile. Ulipofika wakati wa mtani kuchukua chake, tulidhani atataka kanzu au redio. Alichukua pampu. Pampu ya kusimama, mti umeisha rangi, mpira wake umefungwa kwa waya.

Kesho yake asubuhi alikuwa chini ya mwarobaini na ile pampu. Ufundi hakuujua, kwa miaka yote ile alikuwa amekaa kwenye benchi akipiga domo. Ila kujaza upepo aliweza, na kuziba pancha alijifunza kwa kuharibu mipira ya watu wavumilivu. Alikaa upande wa kushoto uleule na upande wa fundi akauacha wazi mpaka mimi nilipomaliza chuo na kuukalia. Jioni alimpelekea mama sarafu za siku kwenye kopo la maziwa, akidai kwamba amekwishakata ushuru wa Kinyamwezi.

Mwaka 1994 akatangaza anarudi kwao. Watu walimshangaa: mke ameshatangulia mbele ya haki, watoto wako Tanga na Dar es Salaam, anakwenda kwa nani? Alisema alikaa pwani miaka yote ile kumsubiri Mzigua afe amzike, amemaliza, sasa anaweza kwenda. Ile Raleigh aliifungua mwenyewe, akaipanga ndani ya boksi vipande vipande. Nilimsindikiza mpaka kwenye basi la Morogoro, ambako angepanda treni. Hakuniambia lolote la kukumbukwa. Alinisisitiza tu nisiwakopeshe Wapare.

Alikufa mwanzoni mwa 1998, mwaka wa mvua za El Niño. Reli ya kati ilikuwa imesombwa na maji, kwa hiyo mimi na kaka yangu tulikwenda kwa mabasi na malori, kupitia Dodoma, Singida na Nzega, tukisukuma zaidi ya tulivyopanda. Tulipofika Urambo walikuwa wameshamzika jana yake. Wazee walitupokea kwa ukali mkubwa. Walitupiga faini ya mbuzi kwa kuchelewa, wakatunyima viti, wakauliza kwa sauti kama hawa ndio Wazigua wa matairi. Kijiji kizima kilijua. Mzee mmoja alikijua hata kile kikohozi cha mwalimu.

Kaburi walikuwa wamelifukia, lakini jembe moja lilikuwa limeachwa limesimama kwenye udongo upande wa miguuni, ambapo tuta halikusawazishwa. Hakuna aliyetueleza. Kaka alivua shati akaanza, mimi nikafuata, na akina mama wakakusanyika kutucheka tunavyoshika mpini. Mbuzi wa faini tuliambiwa tumchinje wenyewe, kwa bismillahi, ili tule wote. Kichwa nilikichukua bila kuomba.

Mjukuu wake mmoja yuko Dar es Salaam, ana duka la vipuri vya pikipiki. Kinyamwezi hakijui, Urambo amekwenda mara chache. Nami sasa nina sukari na presha, habari ambayo mke wangu hakuona sababu ya kuificha. Juzi mjukuu huyo akaniandikia: "Mzigua, nasikia uko njiani. Jitahidi iwe kiangazi, barabara ya Handeni ni lami siku hizi lakini udongo wenu bado ni uleule." Nikamjibu kwamba siendi popote mpaka ukoo wao uniletee matairi 24. Akauliza saizi gani. Ishirini na nane, nikamwandikia, na asithubutu kuniletea ya pikipiki.